Aliyemkaba Mama

Kila anayekalia kiti changu hapa saluni, kabla sijamfunga taulo shingoni, ananiuliza: "Zaina, ulipotelea wapi? Mama anaendeleaje?" Nikianza kusimulia, mteja mwingine anaingia, draya inaanza kunguruma, na habari inakatikia Korogwe. Matokeo yake wengine mnaamini mama yangu alivamiwa na vibaka, na wengine mmesikia nilimpeleka Lushoto kwa mganga. Yote mawili si kweli. Nimeona niiandike mara moja, kituo kwa kituo, msome wenyewe wakati nywele zinakauka.

Nyumbani, upande wa Amani

Kwetu ni kijiji kidogo upande wa Amani, msitu mgongoni na mashamba ya chai mbele. Mama, Bi Mwajuma, anaishi pale na mdogo wangu Shabani na mkewe. Miaka hii ya karibuni kumbukumbu zake zimekuwa zikichuja kama kanga inayoanikwa juani kila siku. Alianza kusahau sufuria motoni, kisha majina ya wajukuu, kisha mimi. Nikimpigia simu anaitikia kwa adabu zote, "Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?" Namwambia mimi ni Zaina wa Morogoro. "Morogoro ni mbali," anasema, na kumrudishia Shabani simu yake.

Nilishazoea hivyo. Lakini siku hiyo Shabani alipiga mwenyewe, na sauti yake ilikuwa kavu. "Dada, njoo. Mama amekabwa."

Nilifunga saluni, nikasafiri njia nzima nikiiona shingo ya mama yangu mikononi mwa mtu nisiyemjua. Nilipofika nikaikagua shingo. Haikuwa na hata mkwaruzo. Shabani akanieleza kwamba kwa majuma kadhaa mama alikuwa anatoka alfajiri, anashika njia ya bondeni, na kila anayekutana naye anamwuliza, "Yule aliyenikaba yuko wapi?" Walikuwa wakimpata katikati ya chai, kanga imelowa umande hadi kiunoni. Shabani akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mgambo wakazunguka kumtafuta kibaka, hawakumwona. Basi akanunua kufuli.

Mlango wa nje ukawa unafungwa mchana na usiku. Mama alikuwa ndani, anakwenda dirishani, anarudi mlangoni, anakwenda dirishani. Chakula alikuwa anakionja tu na kukiacha. Alikuwa amekonda mpaka bangili zinapanda hadi kiwiko.

"Ulitaka nifanyeje?" Shabani aliniuliza kabla sijasema kitu. "Atumbukie mtoni?"

Mnanijua, na mimi si mtu wa kukaa. Nikaanza kuzunguka naye humo ndani, mlangoni, dirishani. Ndipo nilipoona. Alipofika jikoni alisimama ghafla, akasukuma nyonga nyuma kama vile kuna mtu amembana, akainua mikono juu ya kichwa na kurusha kitunguu. Kitunguu kilitua ndani ya ndoo iliyotundikwa ukutani. Hakukiangalia hata kinavyotua. Aligeuza shingo kidogo, akaiambia hewa iliyokuwa begani kwake: "Umechelewa, Magreti."

Nilikwenda kumwita Bi Halima, jirani yetu aliyechuma chai na mama tangu usichana wao. Alipomwona mama anarusha kitunguu cha pili, alicheka mpaka akakaa chini.

"Kukabwa! Hivi nyie watoto hamjui mama yenu alikuwa nani? Alikuwa mfungaji. Mpira wa pete. Timu ya wanawake wa shamba la chai, herufi GS kifuani. Na timu ya ng'ambo, wale wa milima ya Bumbuli, walikuwa na mlinzi wao, Magreti, mrefu kama mti wa mkangazi. Huyo ndiye aliyekuwa anamkaba. Filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho wako pamoja, kifua kwa mgongo, wanagombana kwa minong'ono. Mechi ikiisha wanakula sahani moja."

"Yuko wapi sasa?" niliuliza.

"Nilisikia aliolewa Magoma. Mengine sijui."

Shabani alikuwa amekaa kizingitini, kufuli mkononi. "Kwa hiyo hakuna kibaka," alisema taratibu. "Na mgambo wa watu tumewachosha bure."

Nikasema nitampeleka mama kwa Magreti. Hapo tukagombana kweli. Shabani alisema nimekaa mjini mpaka nimesahau barabara za huku, kwamba huyo Magreti pengine alishakufa, kwamba mama akinipotea njiani nisimpigie simu. Nami nikamwambia kuwa humu ndani tayari amepotea. Mwishowe tulikubaliana jambo moja: nikirudi naye bila kumpata mtu, kufuli inarudi mlangoni, na mimi sitatia neno tena.

Korogwe, stendi

Kushuka mpaka Muheza mama alitaka kuteremka kila kona. Ndani ya basi la kwenda Korogwe alisimama, akakaa, akasimama, akamwuliza kondakta kama mechi imeshaanza. Kondakta akamjibu bado. Nilimshukuru kwa macho.

Korogwe tulishuka, mchukuzi mmoja mwenye kifua kipana akauwahi mkoba wetu. Alisimama nyuma ya mama, karibu sana, akinyoosha mkono juu ya bega lake. Mama alimpiga nyonga moja nzito, akapaza sauti: "Huyu ananikaba!"

Ndugu zangu, neno hilo usiliseme stendi. Kufumba na kufumbua watu wametuzunguka, mmoja keshamshika mchukuzi kola, mwingine anaita polisi. Mchukuzi wa watu akainua mikono yote miwili juu. "Sijamgusa! Nabeba mzigo!" Nami napiga kelele, "Ni mpira! Anasema mpira!" Hakuna aliyenielewa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mshirika wa mwizi.

Aliyetuokoa ni mwanamke aliyekuwa anamenya machungwa pembeni. Alisimama, akajifuta mikono, akapita katikati ya wanaume wale mpaka mbele ya mama.

"Shikamoo mama. Unacheza GS au GA?"

"Marahaba. GS," mama alijibu, na mgongo wake ukanyooka.

"Nilijua. Nimeona hiyo nyonga." Akawageukia watu. "Mwachieni huyo kaka. Mama anazungumzia mpira wa pete. Halafu wewe," akamwambia mchukuzi, "ukitaka kumkaba mfungaji usimpumulie shingoni. Refa atakuadhibu."

Watu waliangua kicheko. Aliyekuwa ameshika kola akaitengeneza vizuri, akampigapiga mchukuzi begani kuomba radhi. Mwanamke yule alituambia alicheza winga shuleni mpaka goti likamtoka, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwuliza habari za mpira, hata mumewe. Alisema hayo huku anatujazia machungwa kwenye mfuko, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ametoka uwanjani saa hiyo hiyo.

Magoma

Magoma iko chini ya milima, joto limelala juu ya mashamba. Tulipouliza Magreti, kila mtu alituelekeza nyumba moja, na mimi nikaongeza mwendo. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka kama thelathini, unga wa maandazi mpaka viwikoni.

"Magreti ni mimi. Karibuni."

Kabla sijapata la kusema, mama alimtazama juu mpaka chini. "Siye. Aliyenikaba alikuwa mrefu."

"Nani kakabwa?" Uso wa yule dada ulibadilika. "Jamani, mimi nakaanga maandazi tangu asubuhi, sijatoka hapa! Mama mkwe! Njoo usikie ninavyosingiziwa!"

Mama mkwe akatoka na mwiko. Ikabidi nianze upya, kitunguu, ndoo, Bi Halima, yote, nikiwa nimesimama juani. Yule bibi alinisikiliza, kisha akashusha mwiko. "Mnamtaka Mama Eliya. Hapa Magoma hakuna aliyemwita Magreti isipokuwa mumewe, na mumewe tulimzika zamani. Yeye alihamia Lushoto kwa mwanawe. Eliya anauza viazi pale sokoni."

Tulipewa wali na maharage ya nazi, na maandazi ya moto ya kumtuliza kila mtu. Nilimlisha mama kidogo kidogo. Alikula matonge machache, akainuka, akaenda kusimama barabarani akiangalia milima. Na mimi nilikula nimesimama. Nilikuwa nimeambiwa Magoma, nimefika Magoma, na safari imekuwa ndefu kuliko nilipoanza.

Shabani akapiga simu. "Mmempata?"

"Yuko Lushoto."

Akaguna. "Dada, kesho utaniambia yuko Arusha."

Mombo, njia imefungwa

Asubuhi, baada ya kulala Korogwe kwa binamu yetu, tulipanda gari la Lushoto. Kutoka Mombo barabara inaanza kupanda mlima, inajikunja, mto uko upande mmoja na ukuta wa mawe upande mwingine. Hatukufika mbali. Mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha udongo na mawe, foleni imesimama, na katapila, tuliambiwa, linakuja. Linakuja kutoka wapi, hakuna aliyejua.

Kusubiri ni kitu kibaya kuliko njaa. Abiria walianza na dereva: mbona hakuulizia njia? Dereva akawarudishia. Mwanamume mmoja alitaka gari ligeuze, mwingine akasema atakayegeuza gari atamkuta yeye. Mchungaji aliyekuwa anawahi mazishi akawa anatembea kwenda na kurudi, Biblia kwapani. Nami nilishuka kuangalia mbele kuna nini. Niligeuka tu. Niliporudi, kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Sijui niwaelezeje. Upande mmoja wa barabara ile ni korongo, ukichungulia unasikia maji tu. Nilikimbia nikichungulia chini ya magari, nikichungulia korongoni, nikimwita "Mama! Mama!" na kila mwanamke mzima aliyekuwa kwenye foleni alikuwa anaitika. Nilikuwa nasikia maneno ya Shabani masikioni: akikupotea usinipigie simu.

Kisha nikasikia makofi. Mbele, nyuma ya Fuso lililokuwa linapanda kufuata mboga, watu walikuwa wamejaa. Dereva wa Fuso, jitu refu, alikuwa amesimama juu ya bodi ameshika tenga tupu kwa mikono miwili. Chini yake alikuwa mama yangu, mfuko wa machungwa miguuni. Aliinua chungwa, akakunja magoti kidogo, akaliachia kwenye ncha za vidole. Likaingia.

"Sogeza juu!" watu walimpigia dereva kelele. Akasogeza. Likaingia. Akasogeza tenga kushoto kwa hila. Mama akasubiri, akamwangalia kwa dharau, akarusha. Likaingia. Wale wanaume waliotaka kupigana walikuwa wamekumbatiana.

Nilitaka kumshika mkono nimrudishe garini. Mchungaji akanizuia. "Mwache, dada. Huyu ana raha kuliko sisi wote." Kisha, bila kuulizwa, akaniambia alikuwa mkimbiaji wa kupokezana vijiti, peku, na kwamba kijiti kilimdondoka mara moja mbele ya wilaya nzima, na marehemu anayekwenda kumzika ndiye aliyekiokota na kumkabidhi tena akiwa anacheka. "Nilikuwa sijaikumbuka miaka mingi," alisema. "Sasa ninajua nitahubiri nini."

Maongezi yakafunguka. Dereva wa Fuso alisimulia penalti aliyoipaisha mpaka ikavunja kioo cha duka la baba yake. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alionyesha kidole alichovunja kwenye mpira wa wavu. Aliyetaka kugeuza gari akasema kaka yake alikuwa kipa hodari, akaishia hapo, na wenzake wakaelewa wasiulize zaidi. Mtu mmoja akamshika bega. Tuligawana machungwa aliyoyafunga mama, tukala na viazi vya kuchoma vya wenyeji waliokuwa wameshateremka na masinia yao. Katapila lilipokuja, wengine walilipokea kama mgeni aliyewakatiza maongezi.

Lushoto

Lushoto tulifika ukungu umeshashuka, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Sokoni niliuliza Eliya wa viazi nikaonyeshwa mtu aliyekuwa anashona mdomo wa gunia. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Sikutaja kukaba. Nilisema kwa uangalifu: "Tunamtafuta mama yako. Huyu ni mama yangu, Mwajuma, walifahamiana zamani."

Sindano ya gunia ilisimama hewani. "Mwajuma wa chai?"

"Unamjua?"

"Dada, mimi nimelelewa na jina hilo!" Aliinuka, akamwamkia mama kwa mikono miwili. "Tukichelewa kuleta maji, mama alikuwa anasema, 'Mwajuma angekuwa ameshafunga.' Tukichelewa shule, 'Mwajuma angekuwa ameshafunga.' Tulidhani ni mtu wa kutungwa, wa kututishia. Kumbe ana miguu!"

Nilicheka, kisha nikajikuta siwezi kucheka. Miaka yote hiyo, ng'ambo ya bonde, kuna nyumba ambayo jina la mama yangu lilikuwa linaamsha watoto.

Lakini Magreti hakuwepo. Alikaa mjini hapo kidogo, hakupaweza, akarudi kwenye nyumba ya wazazi wake Bumbuli. Eliya alimpigia simu mbele yetu. Nilisikia sauti nzito ya kike ikiuliza mara mbili, "Mwaju? Mwaju mwenyewe?" Kisha: "Mwambie asile huko njiani. Atakula kwangu."

Jioni hiyo mama hakutulia hata kidogo. Mke wa Eliya alitupatia makande na blanketi zito. Mama alikuwa anavua blanketi, anakwenda mlangoni, anauliza kama wale wa ng'ambo wameshafika uwanjani. "Kesho, mama," nilimwambia. "Kila siku mnasema kesho," alinijibu.

Bumbuli

Kutoka Soni barabara inaacha lami na kuingia kwenye udongo mwekundu, chai, migomba, makaburi yenye misalaba, misikiti midogo, tena chai. Eliya alituelekeza vizuri. Nyumba iko chini ya barabara, bati lake jipya, kahawa mbele. Barazani alisimama mwanamke mrefu aliyejikunja kidogo upande mmoja, amevaa kitenge kilichopigwa pasi, fimbo mkononi. Alikuwa amesimama muda mrefu, ilionekana.

"Onga mshi," alitusalimia kwa Kishambaa. Kisha akasema, "Mwaju."

Mama alimtazama. Akainamisha kichwa, akapiga goti kidogo kama msichana aliyelelewa vizuri. "Shikamoo, bibi," alisema. "Magreti yupo?"

Sijawahi kusikia shikamoo iliyoniumiza hivyo. Wale wawili ni rika moja. Magreti aliegemea fimbo yake, akaitika, "Marahaba," kwa kuwa shikamoo haiachwi bila kuitikiwa. Kisha akasema, "Mwaju, ndiye mimi."

Mama alicheka kwa upole, kama mtu anayetaniwa na mkubwa. "Magreti ni msichana, bibi. Nitamsubiri hapa."

Tukakaribishwa. Ikaletwa chai ya maziwa, yakaletwa magimbi ya kuchemsha. Mama hakugusa. Alikaa, akainuka, akaenda ukingo wa ua kuangalia barabara. Magreti alivuta ungo wa maharage mabichi akaanza kumenya, na nikaona maharage mengine yanaangukia nje ya ungo. Simu ya Shabani iliita mfukoni mwangu, nikaiacha iite. Niliiona kufuli. Niliona bangili zikipanda mkononi mwa mama mpaka begani.

"Mwangalie," Magreti alisema ghafla.

"Nini, mama?"

"Anavyosimama. Bado anaegemea kushoto." Aliweka ungo chini. Aliegemeza fimbo ukutani, akateremka ngazi za baraza akishika ukuta, akavuka ua akichechemea. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Alifika nyuma ya mama, akasimama karibu kabisa. Akainua mkono wake mrefu juu ya kichwa cha mama, vidole vimetanuka, akamwinamia sikioni.

"Leo hupiti, Mwaju. Hata uniroge."

Mama hakugeuka. Niliona mabega yake yakishuka, taratibu, kama mtu anayetuliwa mzigo wa kuni. 

"Umechelewa, Magi," alisema. "Nimekusubiri tangu asubuhi."

"Njia ilikuwa mbaya."

"Na usinikanyage."

"Sijakukanyaga. Una miguu mikubwa wewe, inajikanyaga yenyewe."

Mama alicheka. Si kicheko chake cha siku hizi cha kuwaridhisha watu. Kilitoka tumboni, na Magreti naye akacheka, mkono bado uko juu, machozi yanamchuruzika, mpaka mkono ukachoka akaushusha begani kwa mwenzake.

Tuligundua jambo upesi. Magreti akikaa mbele ya mama, anakuwa bibi asiyemfahamu. Akikaa nyuma ya bega lake, anakuwa Magi. Basi akaweka kigoda nyuma ya mama, wakakaa hivyo, na mama akala magimbi, akaomba mengine. Walitaja mechi, walibishana kuhusu refa, wakamsema kocha. Kisha mama akalala pale pale mkekani, mchana kweupe, usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona amelala hivyo.

Ndipo Magreti aliponiambia kilichotokea mechi ya mwisho.

"Ilikuwa kwenu, kwenye uwanja wa shamba la chai, tunagombea kikombe. Kocha wangu aliniambia, leo mbane mpaka akose hewa. Refa alipogeuka, nikampiga Mwaju bega. Mama yako akaninong'oneza, 'Magi, polepole. Nina mtu.' Nikamwuliza, mtu gani? Akasema, 'Tumboni. Hata mume wangu sijamwambia.' Mpira unakuja, kocha anapiga kelele, 'Mkabe! Mkabe!' Ningefanyaje? Nilimkaba hewani. Mikono juu, miguu mbali, ukiangalia kutoka nje unasema ninapambana kufa na kupona. Alifunga, akafunga, akafunga. Kikombe kikabaki kwenu. Wenzangu hawakusema nami njia nzima ya kurudi, na msimu uliofuata jezi yangu alipewa mwingine."

"Hukuwaambia kwa nini?"

"Ningewaambiaje? Ilikuwa siri yake." Alichukua tena ungo wake. "Baadaye nilisikia kapata mtoto wa kike. Ni dada yako?"

"Sina dada," nilisema. "Mimi ndiye wa kwanza."

Magreti aliacha maharage. Aliniangalia usoni, kisha mabegani, kisha mikononi, kama mtu anayepima kitambaa.

"Kumbe wewe ndiye uliyenifunga," alisema.

Nilikaa chini, kwenye udongo, karibu na miguu yake. Sikutaka kwenda popote.

Kurudi

Tulikaa Bumbuli hadi mama alipoanza kuulizia kuku wake, kisha tukarudi. Shabani alitupokea barabarani. Alimtazama mama akiteremka bila kushikwa, akanitazama mimi, na jioni nikaiona ile kufuli kwenye mlango wa banda la kuku.

Sitawadanganya kwamba mama amepona. Bado anaamka alfajiri. Siku nyingine mke wa Shabani anatembea naye mpaka mwisho wa chai na kurudi. Jioni Magreti akipiga, Shabani anakaa nyuma ya mama, anaishikilia simu begani kwake, nao wanatukanana mpaka salio linakwisha. Chakula anakula. Eliya ameahidi kumleta mama yake mvua zikipungua.

Asubuhi ya kuja huku Morogoro nilikwenda kumuaga. Alikuwa amekaa uani, nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Kila siku nilikuwa nasema Zaina wa Morogoro. Siku hiyo nikasema, "Mimi ndiye niliyekuwa tumboni, ile mechi ya mwisho."

Alinitazama muda mrefu, mkono wake ukapanda taratibu ukanishika shavu.

"Hukunisumbua," alisema. "Nilikuwa naruka, wewe umetulia tu."

"Ndiyo, mama."

"Na tulishinda."

"Tulishinda, mama."

"Mimi na wewe," alisema, na akawa bado ananishika shavu gari lilipopiga honi barabarani.